Pumzi Kumi na Sita za Ngiri

Ngiri alikuwa bingwa wa hesabu, na kila aliyekutana naye aliambiwa hivyo. Siku moja, akiwa amepiga magoti bondeni kama walavyo ngiri wote, aliona jiwe kubwa linaanza kubiringika kutoka kilimani. Akavuta pumzi moja. Jiwe likasogea hatua moja.

"Kutoka kule hadi hapa ni hatua kumi na sita," alisema. "Basi nina pumzi kumi na sita. Nitaumaliza mzizi huu kwanza."

Akainamisha kichwa, akachimba. Konokono, aliyekuwa juu ya bua pembeni, aliendelea kutazama.

"Kaka Ngiri, pumzi ya pili limekwenda hatua tatu! Sasa linakwenda tano. Toka hapo!"

"Wewe mtambaaji ndiye wa kunifundisha mwendo?"

Pumzi ya nne jiwe likafika, likamvunja jino lake refu.

Ngiri alijikokota hadi kwenye bua. "Hesabu yangu ilikosea wapi?"

"Haikukosea," alijibu Konokono. "Ila jiwe ulilolipigia hesabu lilikuwa ndiyo kwanza linaamka. Hili lililokuvunja jino hukulitazama."