Kandambili ya Kushoto

Kandambili ya kushoto ya Kibwana ilikuwa imelika kisigino hadi kidole cha Tunu kilipenya. Ya kulia ilikuwa nzima. Tunu alijua kwa nini: kila alipotaka kusimamisha pikipiki, mumewe aliburuza mguu chini kama mtoto anayesimamisha bembea. Breki ya mbele hakuigusa kabisa. Wenzake wa kijiweni walimwambia humrusha mtu moja kwa moja kaburini, naye akaamini.

"Kesho unampakia Siwema kwenda shule, barabara kuu, penye malori," Tunu alisema. "Mguu huo ndio utasimamisha pikipiki?"

"Mama Siwema, nimewahi kukuangusha mimi?"

Hakuwahi, lakini moyo wa Tunu ulikataa kutulia. Akamkokota hadi uwanja wa mpira, akamvalisha kofia ngumu, akamfunga mkanda wa kidevuni kwa mkono wake. Kisha akaenda kusimama katikati ya goli.

"Haya, njoo! Breki zote mbili, ya mbele uikamue polepole. Ukishusha mguu nitauona."

"Toka hapo! Una wazimu?"

"Na Siwema atatokaje, akiwa mgongoni kwako?"

Kibwana akazunguka uwanja, akazima, akawasha tena, akatukana upepo. Mwishowe akaja, vumbi likimfuata. Tunu hakumtazama usoni. Macho yake yaliganda kwenye kandambili ile ya kushoto, iliyokuwa ikitetemeka juu ya kikanyagio, ikainuka kidogo, ikasita hewani, kisha ikarudi pale pale, na gurudumu la mbele likasimama hatua moja kutoka miguuni pake.