Kutazama Hadi Mwisho

Siku hizi video ya mwanamuziki asiye na kampuni haiwafikii watu baki mpaka mtu wa nyumbani kwake aitazame yote bila kufumba macho. Simu yenyewe ndiyo inayomchunga. Mara tatu Hidaya alijirekodi akipiga gambusi, na mara tatu video ikakwama, maana mama yake akinogewa na wimbo hufumba macho.

"Leo haikwami!" Hidaya aliapa, akikaza nyuzi. "Mama, yakodoe tu, nakuomba."

Mama akayakodoa mpaka machozi yakamtoka. Video ikapita. Kufikia adhuhuri watu elfu arobaini walikuwa wameitazama.

"Lakini wimbo umeupenda, mama?"

"Sijui, mwanangu. Nilikuwa natazama."