Mkono wa Nahodha

Kila walipokutana na timu yenye kasi, mabeki wa chuo walifanya kosa lile lile: walisimama na kunyoosha mikono kudai ofsaidi, huku mpira ukielekea wavuni. Wa kwanza kunyoosha siku zote alikuwa nahodha wao, Kihwelo.

Fainali ilipofika mapumziko wakiwa nyuma kwa bao moja, kocha Tabitha alivua kilemba chake chekundu, akachana kipande, akaufunga mkono wa kulia wa nahodha kwenye uzi wa bukta.

"Mwalimu, nitakimbiaje hivi?"

"Mbio ni za miguu, baba. Huo mkono ndio unaotufungisha."

Kipindi cha pili winga wa wapinzani akachomoka. Bega la Kihwelo likapanda lenyewe, mkono ukagoma, ikabidi akimbie. Akamfikia, akampokonya mpira, akaupiga mbele kwa mshambuliaji wake, naye hakukosea.

Mabeki wa wapinzani walikuwa wamesimama, mikono juu, wakimlilia mwamuzi. Mwamuzi akaonyesha katikati ya uwanja. Sare.

Kihwelo akaunyoosha mkono wake kwa furaha, na uzi ukafunguka. Akauzunguka uwanja akicheka, kitambaa chekundu kikipepea juu, mkono wa kushoto umeng'ang'ania bukta.