Varo wa Sehemu ya Pili

Wakwe wanakuja kesho kumposa binti, na leo asubuhi baba mtu amepanda gari Kibondo kwenda Kasulu, kugombana na mtu kwa sababu ya gemu.

Mkewe, Pelagia, alimfuata mpaka barabarani. "Baba Akimana, turubai halijafungwa, mbuzi yuko hai bado. Gemu?"

"Nikirudi ndiyo nitajua kama kaka yangu anakaa mkekani kesho au hakai."

Pelagia akarudi kwenye turubai. Kwao binti hatoki bila baba mkubwa. Yeye ndiye anayepokea wakwe, yeye ndiye anayetamka ndiyo. Na baba mkubwa wa Akimana ni Nkunzimana, yule yule aliyesimama barazani zamani akamtolea mdogo wake Pasikali ushahidi wa uongo, shamba la Kagerankanda likaenda kwa watu. Ndugu hao walikaa miaka bila salamu. Wakikutana kisimani, kila mmoja anatazama ndoo yake.

Aliyewapatanisha ni Varo, mpiganaji wa kwenye gemu.

Enzi hizo Mudathiri, ambaye kwao ni Tanga, alikuwa na banda la gemu Kibondo. Mmoja anacheza, wengine wamejaa kwenye mabenchi wanatazama, na Mudathiri anashusha sauti ya gemu, anashika kipaza sauti na kutafsiri Kiingereza. Varo wa kwanza alikuwa na uso kama tofali na mwendo wa mtu aliyevaa gunia, lakini Pasikali alimpenda. Wa tatu alivua samaki mwanzo mpaka mwisho, watu wakasinzia. Wa nne aliendesha magari. Huyo, Pasikali hamhesabu kabisa. Wa tano walimbadilisha sura, ila nyimbo zilikuwa tamu, akawasamehe nusu.

Lakini wa pili! Kaka yake Varo, aliyewaonyesha maadui njia ya kuingilia bondeni, amepiga magoti. Varo kasimama juu yake na panga. Kioo kikawa cheusi. Gizani ikatoka sauti ya Mudathiri: kaka analia, anaomba. Kisha Varo anajibu, "Inuka, twende nyumbani." Kioo kilipowaka, Varo alikuwa anavuka daraja peke yake. Kaka yuko nyuma, Mudathiri akasema, anafunga viatu.

Pasikali alitoka pale macho yamelowa, akaenda moja kwa moja kubisha hodi kwa Nkunzimana. Kaka akafungua mlango huku anahema, labda akidhani mdogo wake naye amekuja na panga. Walikumbatiana bila neno, na neno lenyewe la msamaha halijasemwa mpaka leo. Watoto wakakua wanaingia nyumba zote mbili.

Sasa juzi Akimana, ambaye yuko chuo cha ualimu, akamwekea baba yake sehemu ya sita kwenye simu, zawadi ya kuagana. Varo ana mvi. Anasimama mbele ya kaburi, maandishi yanapita chini. Akimana akayasoma: "Kaka, nilikukata kwa mkono wangu, na sijajuta hata siku moja."

"Rudia."

Akarudia.

Pasikali hakugusa chakula. Kama Varo hakusamehe, basi aliyesamehe ni yeye peke yake, kama mjinga, na mtu aliyemsingizia barazani ndiye kesho atakayemtoa binti yake.

Mudathiri siku hizi anauza magodoro Kasulu. Alipomwona akacheka. "Mzee wa benchi la mbele! Umefuata godoro la bibi harusi?"

"Nimemfuata Varo. Wenye gemu yao wamegeuza maneno. Wewe ndiye uliyeisoma ya pili. Alimsamehe kaka yake, au hakumsamehe?"

Kicheko kikamkauka Mudathiri. Akavuta kigoda. "Kaa kwanza."

"Sikai."

"Hawajageuza kitu. Alimkata. Lile giza lote lilikuwa panga."

"Na viatu?"

"Viatu nilivitunga papo hapo. Nilisahau kwamba linakuja daraja."

Pasikali alitaka kucheka, akashindwa. "Mimi umenichezea, Mudathiri. Kuna watu wanaoweka nadhiri kanisani, mimi niliweka ya kwangu bandani kwako. Nimekula Krismasi zote na yule mtu. Nimempa mwanangu amwite baba. Basi kesho hakai mkekani kwangu. Nitawapokea wakwe mwenyewe, watu waseme watakavyo."

"Pasikali..."

"Niache." Alikuwa amefika mlangoni. Akageuka. "Sehemu zote nimezisema vibaya, ya tatu, ya nne, hata ya tano. Ya pili sijawahi. Kwa sababu ya yule kaka pale gizani. *Mbabarira, mwene mama.* Nisamehe, mtoto wa mama yangu. Kwa Kiha chetu hasa, kama mtu anajitoa roho. Banda zima lililia. Sasa niambie, hata hilo ulilitunga papo hapo?"

Mudathiri akatazama magodoro yake.

"Mimi Kiha mpaka leo najua salamu tu," akasema. "Nkunzimana alikuja asubuhi ile, baada ya kusikia vijana wakimsema kaka wa Varo. Akanifundisha maneno yale, moja moja, mpaka ulimi ukakubali. Alisema yeye ndiye mkubwa, kinywa chake hakiwezi kuyatoa. Jioni akajificha nyuma ya pazia kusikiliza. Ulipoanza kulia, akatoka mbio."