Mikono ya Tusajigwe

Kaburi la Tusajigwe lilikuwa halijaota nyasi, Idara ya Urithi ikaja kuchukua kuogelea kwake na kumpa Atupele, mke wa Lugano. Sheria ndiyo hiyo: ustadi hauzikwi. Mumewe, Ambakisye, hakuulizwa. Wakubwa wamuulize mtu wa darasa la tatu?

Kipupwe kilipoingia na maji ya Ziwa Nyasa kuanza kung'ata mifupa, Atupele alianza mazoezi ya kuvuka mpaka ng'ambo. Kila asubuhi Ambakisye alikuja kutazama, roho ikimuuma. Kiwiko kile kile juu, mpigo ule ule wa mkono. Na ufukweni Lugano, blanketi begani, kana kwamba kungoja amekuanzisha yeye.

"Shikamoo, mzee. Umekuja tena kumkagua mke wangu?"

"Mkeo ni huyo anayetetemeka akitoka. Anayeogelea ni wangu."

Ambakisye akaanza kutembea kandokando ya maji, kama alivyofanya miaka kumi na tisa. Tusajigwe alikuwa akimfuata hivyo, akivutia pumzi upande aliko mumewe. Atupele naye akageuza uso, akamfuata.

Wakafika kwenye bendera ya nusu saa, ambapo mwogeleaji hutoka baridi isije ikamuua. Lugano akapiga filimbi.

"Atupele! Toka!"

Mikono haikusikia. Ambakisye alijua kwamba akisimama yeye, nayo itasimama. Nyuma yake Lugano alikuwa anakimbia, blanketi likiburuta mchangani.

"Simama, mzee! Nakusihi, baba, simama!"

Ambakisye akaongeza mwendo.