Maiti Mwenye Mke

Kuni zilikuwa zimekwisha kupangwa na kumwagiwa mafuta ya taa, Safiyo alipokuja akaketi juu yake.

"Mama, toka!" afisa wa kambi alifoka. "Hii ni sheria. Maiti ya shifta, mwasi wa porini, isiyodaiwa na jamaa mpaka adhuhuri inachomwa."

"Adhuhuri bado," alisema Safiyo, "na mimi iko hapa. Mwislamu hapana choma kama takataka."

Tangu asubuhi watu wa Garissa walikuwa wakipita pale wameinamisha vichwa. Kumdai shifta kulikuwa kujitia kitanzi mwenyewe. Safiyo alilijua hilo, lakini hasira ilikuwa imemjaa. Liwalo na liwe.

"Wewe ni nani wake?"

"Bibi yake."

Afisa alifunua shuka. Risasi hazikuacha uso. "Umemjuaje?"

"Bibi hapana jua miguu ya bwana yake?"

"Jina lake?"

"Dagane Rage."

Afisa nusura acheze. Jina hilo lilikuwa la kwanza kwenye orodha yake. Miaka miwili walikuwa wakimsaka mwenyewe mpaka kijiji cha Kotile. Akalikata jina kwa wino mwekundu, Safiyo akatia dole gumba daftarini. Kwa furaha, afisa akatoa hata maji ya kuoshea.

Maalim wa msikiti akaitwa. "Njoo umwoshe, Safiyo," alimwambia kwa Kisomali. "Mwanamke haoshi mwanamume, ila mke kwa mumewe. Ni haki yako."

Safiyo alisimama mbali, amempa maiti mgongo. "Osha wewe, Maalim."

 Maalim akamfunika marehemu vizuri, akaosha bila kuuliza neno.

Wakamzika kabla ya alasiri, ndani ya sanda nyeupe, ameelekezwa Kibla. Maalim aliomba dua kwa sauti, makusudi, mpaka askari getini wakasikia.

Safiyo akarudi kwenye zile kuni, akafunga mzigo, akajitwika mgongoni. Askari mmoja akamzuia.

"Sheria ya maiti iko," Safiyo alimwambia. "Ya kuni hapana."

Akapita.

Jioni aliwasha moto kwa kuni zile zile, akachemsha chai ya maziwa. Kibanda kizima kikanuka mafuta ya taa. Nyuma ya pazia la mikeka, sauti ya mwanamume ikauliza, "Nimesikia dua. Wamemzika nani leo?"

Safiyo akampa mumewe kikombe.

"Wewe."