Kidonda cha Mtihani

Shahada ya uuguzi aliyokuwa akiisoma Salha kwa simu haikuhesabu miaka. Ukionyesha mbele ya kamera kwamba kazi unaiweza, unavuka. Usipoonyesha, unabaki palepale. Salha alibakiza somo moja tu, kusafisha kidonda, na mgonjwa wake alikuwa mama yake mzazi, aliyekuwa na kidonda mguuni tangu masika.

Jibu la mkufunzi kwa video aliyotuma liliingia asubuhi, yeye na mama wakinywa chai. "Bado hujathibitisha uwezo. Mkono wako uliziba kamera. Rudia leo, kwa kidonda kilicho wazi."

Salha alifungua bendeji. Kidonda kilikuwa kimefunga, na ngozi mpya iling'aa, laini kama ya mtoto mchanga.

"Umeniponya, mwanangu," mama alisema, akiupapasa mguu. "Si umwambie mwalimu wako aone?"

"Hapimi kupona, mama. Anapima kusafisha."

Mama akacheka kidogo, lakini Salha hakucheka. Bila kuambiwa, mama akaunyoosha mguu juu ya kigoda.

Salha aliegemeza simu kwenye birika, lakini hakuanza kurekodi. Alivaa glavu ya kushoto. Ya kulia akaiweka pembeni, akazitazama kucha zake, kisha ile ngozi mpya.